Saumu ya Mlimani

Siku ambayo Sulait hakurudi ilikuwa Jumamosi, na sehemu kubwa ya siku hiyo nilikuwa na furaha. Nalisema hili kwanza kwa sababu watu huniuliza kama nilihisi lolote. Sikuhisi. Nilifua mapazia, nikampeleka binti yetu Shamim kusukwa nywele pale mtaani kwetu Mpumudde karibu na shule, nikarudi nikabandika maharage, na muda wote huo nilikuwa nikimwona mume wangu kichwani mwangu, anatembea juu ya mlima kwa zile hatua zake ndefu, anacheka peke yake kama alivyozoea akiwa na njaa.

Alikuwa amefunga. Mimi pia nilikuwa nimefunga.

Kila mwaka baada ya Idi tulifunga pamoja zile siku sita za sunna za mwezi wa Shawali. Kwetu ilikuwa ibada, na ilikuwa mashindano pia. Atakayeshindwa kwanza atafua nguo za nyumba nzima kwa mwezi. Mwaka huu tulichelewa. Mwezi ulikuwa unakwisha na siku mbili za kufunga zilikuwa zimebaki, na likizo yake ikaangukia humo humo. Nilimwambia aache, mlima na saumu haviendi pamoja, na msafiri ana ruhusa ya kula.

"Ruhusa naijua," alisema. "Nikizidiwa nitafungua. Mimi nakuogopea wewe. Utakaa hapa Jinja unanusa chapati za jirani Rashida, halafu jioni utaniambia ulisahau ukala."

"Mimi sijawahi kusahau."

"Mwaka juzi ulisahau sambusa tatu."

Sulait alikuwa fundi wa milango na madirisha ya chuma kwenye karakana ya Bwana Yogesh. Mwaka mzima alikuwa ndani ya moshi wa kuchomelea, macho mekundu, na mara moja kwa mwaka alirudi kwao Mbale kupanda mlima. Mlima ni mmoja kwa jina, lakini ukifika juu unakuta bakuli kubwa lenye bonde katikati, na ukingo wa bakuli hilo ni vilele vingi vinavyofuatana. Vyote alikuwa amevipanda, kimoja mwaka huu, kingine mwaka ule. Sasa alitaka kuvipita vyote kwa siku moja, aanze na kilele cha Wagagai, azunguke ukingo kilele baada ya kilele, kisha jioni arudi kwa njia ya bondeni mpaka pale alipoanzia. Na alitaka kwenda peke yake. Sheria inamtaka mtu apande na askari wa mbuga, lakini yeye alipitia njia ya wakata mianzi, ambayo watu wa upande wao wameipita tangu utoto.

Nilimuuliza kwa nini peke yake. Akasema ukiwa na mwenzako unatembea mwendo wa mwenzako.

Alfajiri ile alinipigia simu kutoka pangoni alikolala na wapagazi aliowakuta huko. Mtandao hupatikana pale ukipanda juu ya jiwe moja, na nilisikia upepo ukipiga kwenye simu. Alinong'ona.

"Umekula daku?"

"Nimekula. Mbona unanong'ona?"

"Hawa wamelala. Nimekula kimya kimya. Hawajui kama nimefunga na sitaki wajue, wataanza kunionea huruma."

Hivyo ndivyo tulivyolelewa sote. Saumu ya faradhi watu wote wanaijua, lakini ya sunna ni siri yako na Mungu wako, na ukiitangaza ni kama umeimwaga. Hata mama yake hakumwambia. Alipolala kwake Nabuyonga, pale Mbale, mama alimfungia chakula cha njiani, akakipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakitia begini.

"Magharibi nitakupigia tufuturu pamoja," alisema. "Ukisikia adhana usinisubiri sana, huenda mtandao ukawa mbali."

Adhana ya magharibi ilipoadhiniwa kwenye msikiti wa Mpumudde, niliweka simu kando ya sahani. Nilikula tende moja. Nilingoja. Shamim alikula maharage yake na ya kwangu. Nikampigia, nikaambiwa nambari haipatikani, na nikajiambia mtandao uko mbali, kama alivyosema mwenyewe.

Jumapili ndugu yake Faizal alinipigia. Alisema wapagazi wameshuka na Sulait hakurudi pangoni. Alisema nisiwe na wasiwasi, yeye anapanda sasa hivi na askari. Faizal ni dereva wa lori, mtu wa maneno mengi, na siku ile alisema machache.

Jumatatu asubuhi Bwana Yogesh alikuja nyumbani na gari lake. Hakupiga honi. Alisimama mlangoni na viatu vyake mkononi, ingawa sakafu yangu ilikuwa ya saruji tu na sikumwambia avue.

"Mama Shamim, chukua nguo za mtoto. Twende Mbale."

"Karakana je?"

"Karakana ina milango mingi. Itajifunga yenyewe."

Njiani aliendesha polepole nyuma ya malori ya miwa. Tulipopita Iganga akasema, bila kunitazama, "Huyu Sulait akishuka nitamfukuza kazi. Kweli kabisa. Nitamwandikia barua. Halafu nitamwajiri tena siku ile ile, kwa sababu hakuna mwingine anaweza kunyoosha fremu bila kutukana." Nilicheka, na nikashangaa kuwa nimecheka. Kisha mlima ukaanza kuonekana, wa buluu, na wingu limekaa juu yake kama kitu kilichowekwa na mtu.

Nabuyonga walikuwa wamefunga turubai uani. Nilipoliona nikasimama palepale, maana turubai ni la msiba. Jamirah, dada yake Sulait, alikuja mbio akanishika. "Ni la mvua tu, wifi. Ni la wanaume kukaa. Usilitazame."

Wanaume walikaa chini ya turubai, wanawake tukakaa ndani. Ndivyo ilivyo kwao na kwetu pia, na sikuona ubaya. Lakini habari zilikuwa zinashuka kutoka mlimani kwa simu ya Faizal, zinaingia turubaini, na sisi wa ndani tulipata makombo. Wanatafuta chini ya Wagagai. Wamemaliza genge la kushoto. Wameanza la kulia. Jumanne ikapita hivyo, na siku ya Jumatano ikaanza hivyo, daima Wagagai, kilele cha kwanza.

"Kwa nini hapo tu?" nilimuuliza Jamirah. "Alikuwa anakwenda mbali. Vilele vyote."

"Wameona kitu kinachowaonyesha kuwa ni hapo. Faizal anasema askari wanajua kazi yao."

"Wameona nini?"

"Sijui. Wanaume wanajua."

Mama mkwe wangu, Mama Nambozo, alikuwa amekaa juu ya mkeka, mgongo kwenye ukuta, na tasbihi mkononi. Ni mama mkubwa wa umbo na mpole, aliyenipokea nilipoolewa kama mtu anayepokea mzigo aliokuwa akiungoja kwa hamu. Alikuwa hali chochote. Kila nilipomsogezea uji alisema, "Mpaka yeye ale."

Jumatano hiyo hiyo, jioni, Faizal alishuka pamoja na mkuu wa watafutaji, askari wa mbuga anayeitwa Bramwel. Buti zao zilikuwa tope tupu. Bramwel alivua kofia, akabaki kizingitini na begi mkononi, na nikalijua begi kabla sijaliona vizuri. Kamba yake niliishona mimi kwa uzi wa kijani.

"Mama," alimwambia Mama Nambozo, "nimekuletea vitu vya mtoto wako. Tulivikuta siku ya kwanza, chini ya jiwe, hapo njia inapoanza kupanda Wagagai. Nilitaka kuja navyo pamoja na mwenyewe. Sikuweza bado."

Mama Nambozo alilifungua begi mapajani mwake. Akatoa sweta. Akatoa tochi. Kisha akatoa kile chakula alichokifunga kwa mikono yake, viazi na mayai na malewa ndani ya kopo, yale machipukizi ya mianzi yaliyopikwa kwa karanga aliyoyapenda tangu utoto. Kila kitu kilikuwa vile vile. Kamba ya kopo haikufunguliwa. Palikuwa na chapati pia, walizompa wapagazi asubuhi ile, bado zimekunjwa.

"Hakula," alisema. "Mwanangu hakula hata kidogo."

"Ndiyo, mama," Bramwel alisema kwa sauti ya chini. "Hapo ndipo tulipojua. Mtu akienda mbali hawezi kuacha chakula. Aliacha begi apande kidogo, arudi ale. Mchana haukumkuta. Alianguka asubuhi, hapo hapo karibu. Kwa hiyo tunatafuta hapo hapo."

Niliposikia hivyo nilisogea nikalishika lile kopo.

"Alikuwa amefunga," nilisema.

Walikuwa bado wanalitazama begi. Nilidhani sikusema kwa sauti, nikasema tena.

"Saumu gani?" Bramwel aliuliza. "Ramadhani si iliisha? Sisi tulikula Idi na jirani zetu."

"Ya sunna. Sita za Shawali. Mimi na yeye tulikuwa tumefunga wote. Alinipigia simu alfajiri. Alikuwa amekula daku. Hicho chakula ni cha kufuturu, cha jioni, akirudi. Hakuhitaji kukibeba. Afande, hakuanguka asubuhi. Alikwenda."

Faizal alikuwa amesimama nyuma ya Bramwel. Alishika fremu ya mlango. "Shemeji," alisema, "mbona hukusema?"

"Hakuna aliyeniambia kuhusu begi."

Bramwel alikuwa Mkristo, lakini mtu wa Mbale ameishi na Waislamu maisha yake yote, na alipokwisha kuelewa alielewa yote kwa mara moja. Alivaa kofia yake tena. Aliivua. "Una uhakika, dada? Si kwamba aliamka akabadilisha mawazo?"

"Angefungua angekula malewa ya mama yake kwanza kabla ya kitu chochote."

Mama Nambozo aliinua uso, akanitazama, na ule uso sikuuelewa wakati ule. Nilidhani ni tumaini.

Bramwel alitoka nje akazungumza na redio yake. Niliposikia anasema "ukingo wote, upande wa mbali, na bondeni," nilikaa chini. Tangu Jumapili walikuwa wametafuta mahali ambapo hakuwapo.

Alhamisi nilipanda. Walinikataza, na Jamirah alinishika nguo. Faizal ndiye aliyesema niachwe niende, kwamba hata nikikaa pale sitakaa. Nilimwacha Shamim kwa shangazi yake. Tulilala pangoni, mimi na Faizal na wapagazi wawili, na asubuhi nilipelekwa mpaka kwenye ukingo chini ya Wagagai. Bramwel na watu wake walikuwa wameshatangulia upande wa mbali.

Sulait alikuwa akiniambia habari za mahali pale kwa miaka, na mimi nilikuwa nikiitikia huku nikikata vitunguu. Sikuwa nimeelewa. Nilisimama ukingoni nikaona kilele, na nyuma yake kilele, na nyuma ya hicho kingine, vyeusi na vya kijivu, vinapinda na kuzunguka mpaka macho yanachoka, na katikati bonde la nyasi ambalo lori la Faizal lingeonekana ndani yake kama punje ya mchele. Hapakuwa na nyumba wala moshi. Upepo ulikuwa baridi na haukuwa na harufu ya kitu chochote.

"Kipi ni Mubiyi?" niliuliza, kwa sababu hilo jina la kilele alikuwa akilitaja sana.

Mpagazi mmoja alininyooshea kidole. Mbali. Na zaidi ya hapo vingine. Yote haya kwa siku moja, na tumbo tupu, na hakuna mtu wa kumwambia pole.

Nilimwita. Nilianza kwa sauti ya kawaida, kama ninavyomwita akiwa bafuni, kisha nikapiga kelele. Niliita jina lake na jina la baba yake na jina la mtoto wake. Nilimwambia ameshinda, nguo nitafua mimi, mwaka mzima. Faizal aliniacha. Kisha ukungu ukapanda kutoka bondeni, mweupe, haraka kama maziwa yanayochemka, ukafunika kilele kimoja na kingine na kingine, na nikawa naita ndani ya kitu kisichokuwa na upande. Ndipo Faizal akanivuta mkono. "Basi, shemeji. Basi. Sauti utaihitaji."

Nikamwambia sauti ya nini.

Bramwel alirudi pangoni kesho yake alasiri. Nilimwona akija kwa mbali na nikahesabu watu, na hesabu ilikuwa ile ile waliyoondoka nayo. Hawakubeba machela. Nilisema alhamdulillahi. Kisha nikajiuliza nashukuru nini.

Aliketi mbele yangu juu ya gunia na kutoa mfuko wa plastiki kwenye koti. Ndani yake mlikuwa na kokwa tatu za tende.

"Kule mbali," alisema, "baada ya vilele karibu vyote, pana mwamba umeinama kama paa. Chini yake ni kukavu. Tumekuta hizi, zimewekwa juu ya jiwe moja, pamoja. Watu wanaopanda huku hula biskuti, dada. Sijawahi kuona tende huku juu."

Tende nilimtilia mimi mfukoni, kwenye karatasi, siku aliyoondoka Jinja. Za kufungulia, ili akichelewa njiani adhana isimkute mikono mitupu.

"Na maganda," aliendelea. "Ya mti. Mtu alikata fimbo akaichonga kwa kisu, hapo hapo. Fimbo yenyewe haipo. Ameondoka nayo. Nafikiri mguu ulikuwa umeumia. Mtu mzima hachongi fimbo jioni hivi hivi."

"Aliondoka kwenda wapi?"

"Mvua imepiga siku nyingi. Hakuna nyayo."

"Lakini magharibi alikuwa hai."

"Magharibi alikuwa hai." Alinitazama usoni, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. "Dada, mimi nililisoma lile begi vibaya. Tulikuwa na watu wengi siku ya kwanza, na mbwa, na nikawaweka wote upande huu. Yeye alikuwa kule."

Nilichukua ule mfuko. Nilikuwa nafikiria jambo moja ambalo sijaacha kulifikiria tangu siku hiyo. Kwamba alifuturu. Kwamba wakati mimi niko Mpumudde na simu kando ya sahani, yeye yuko chini ya mwamba na mguu wake ulioumia, anakula tende tatu, na futari yake iko begini upande wa pili wa mlima. Na kwamba Jumapili alikuwa anaweza kusikia mtu akimwita, na pengine Jumatatu, na waliokuwa wakimwita walikuwa wakiita mahali pengine.

Walitafuta bondeni mpaka kwenye chemchemi za maji moto, walitafuta makorongo ya upande wa mashariki, wakapeleka habari kwa wenzao wa upande wa Kenya. Kisha mvua kubwa za masika zikafika zenyewe, mpagazi mmoja akateleza akavunjika mkono, na wakuu wa Bramwel wakasema watu washuke.

Ndipo nikauelewa ule uso wa Mama Nambozo.

Kumbe Jumatano ile, kabla begi halijafika, wazee wa turubaini walikuwa wamekwisha kukubaliana. Mtu ameanguka kwenye genge asubuhi ya Jumamosi, genge halina chini, mwili hautapatikana. Ijumaa aswaliwe swala ya maiti asiyekuwepo, isomwe dua, watu wale, mama alie. Sheikh wa msikiti wao alikuwa amekubali. Mimi ningeanza eda, nikae ndani miezi minne na siku kumi, na eda ingekwisha kama zote zinavyokwisha. Kila mtu alikuwa ameshaonyeshwa mahali pa kuweka huzuni yake.

Sasa Sheikh aliitwa tena, akaketi sebuleni, na Faizal akaweka ule mfuko mbele yake juu ya meza. Alizitazama zile kokwa kwa muda.

"Hili limebadilika," alisema. "Mwanzo mliniambia mmepata mahali alipofia. Sasa mnaniambia alifuturu, akachonga fimbo, akaondoka. Mtu huyu alikufa wapi? Alikufa lini? Mimi siwezi kumswalia mtu ambaye habari yake ya mwisho ni kwamba anatembea."

"Lakini Sheikh," mzee mmoja alisema, "baridi ile, na mvua ile, bila chakula?"

"Hata mimi najua baridi. Dhana ninayo, kama wewe. Lakini huyu mama," na akaninyooshea mkono bila kunitazama, "ni mke wa mtu mpaka ipatikane yakini, au kadhi aamue. Nikimweka edani leo, na huyo mtu akatokea Kenya na fimbo yake, nitamwambia nini? Mpelekeni kwa kadhi. Kadhi atawaambia mngoje."

"Mpaka lini?"

"Kadhi ndiye atakayesema. Inaweza kuwa miaka."

Wanaume walipotoka, Mama Nambozo aliniita. Alikuwa bado juu ya mkeka. Nilipiga magoti mbele yake kama siku zote.

"Mkamwana," alisema, "mimi nilikuwa nimekwisha kumzika."

"Mama."

"Nilikuwa nimemzika moyoni mwangu. Nilikuwa nangoja Ijumaa tu nilie. Ukaja na saumu yako. Umeninyima matanga ya mwanangu." Hakupandisha sauti. "Kila nikilala sasa namwona anachechemea. Ungeninyamazia tu. Ungemwacha aanguke."

Nilikaa pale nimepiga magoti. Na mimi namwona anachechemea. Ninamwona mchana nikiwa naosha vyombo. Lakini ningewezaje kunyamaza? Walikuwa wanamtafuta mahali ambapo hayupo. Nimeligeuza jambo hili kila upande. Ningenyamaza, Sulait angekuwa na dua yake na mimi ningekuwa mjane mwenye siku zake za kuhesabu. Nimesema, na sasa sina mume wala si mjane, na yeye hana kaburi wala nyumba.

Mama Nambozo hakunisemesha tena kwa siku nyingi. Alipokea chai yangu, akanywa, akaweka kikombe. Jamirah alikuwa akipita katikati yetu na maneno kama mtu anayepitisha sahani. Watu walikuja kutoa pole, wakifika mlangoni hawajui waseme pole ya nini, na wengine walisema tu habari za mvua. Mwanamke mmoja aliniuliza kama Sulait hakuwa na mke mwingine upande wa Kenya. Jamirah alimtoa nje kwa mkono, na nikasikia akimwambia uani, "Akiwa na mwingine basi anapanda vilele vyote hivyo kumfikia? Mume wako wewe hawezi hata kuvuka barabara kukufikia." Nilicheka kwa mara ya pili. Mama Nambozo alisikia pia, na midomo yake ikatikisika.

Siku ile jioni, bila kuniangalia, aliniuliza.

"Zile tende. Ulimpa wewe?"

"Mimi, mama."

"Zilikuwa nzuri?"

"Zilikuwa za Idi. Zile laini."

Akatikisa kichwa polepole, akarudia tasbihi yake. Mpaka leo hatujazungumza zaidi ya hapo.

Bwana Yogesh alikuja mara moja na mafundi wawili. Walileta vitu vyetu vya Mpumudde nyuma ya gari, kitanda, masufuria, cherehani yangu, na baiskeli ya Shamim. Alisema nafasi ya Sulait karakanani hajampa mtu. Nilimwambia ampe mtu, kazi haiwezi kusimama. Akasema, "Hiyo ni karakana yangu, mama, si yako," akanywa chai amesimama, akaondoka kabla mvua haijaanza.

Faizal na mimi tulikwenda kwa kadhi. Kadhi alitusikiliza kwa upole, akauliza maswali yale yale kwa njia tofauti, akataka kuonana na Bramwel mwenyewe. Bramwel alikwenda. Alivaa sare safi, na alisema mbele ya kadhi maneno yale yale aliyoniambia pangoni, pamoja na lile la kulisoma begi vibaya. Kadhi alisema hawezi kuhukumu kifo mpaka mlima utafutwe tena wakati wa kiangazi, upande ule wa mwamba, na apewe habari rasmi. Mpaka hapo mimi ni mke wa Sulait, matumizi yangu na ya mtoto yako juu ya ndugu zake, na hakuna mtu wa kuniposa wala wa kunipa pole ya ujane.

Sasa ninaishi Nabuyonga na Shamim, katika chumba alicholala Sulait usiku ule kabla ya kwenda mlimani. Ninashona sare za shule. Njia ya juu imefungwa kwa sababu ya maporomoko. Itakapofunguliwa, Bramwel atapanda na watu wanne kumtafuta tena, kutokea upande wa mashariki, na Faizal ni mmoja wao.